Sekunde Kumi na Tisa za Lorna

Jumapili saa tisa alasiri, watu kumi na mmoja walikaa sebuleni kwa Truphena, mtaa wa Umoja, kutazama jiko lake mwenyewe kwenye televisheni. Waliokosa viti walikalia mitungi mitupu, ambayo nyumba hiyo ilikuwa nayo mingi kuliko viti. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya ya mtandaoni iitwayo Pazia la Kijani. Watengenezaji wake walikuwa wamekuja mwezi wa pili wakaliazima jiko kwa siku mbili. Siku hizo Truphena alishinda kwa jirani yake Sahro, mlango wa tatu, akisikia tu watu wakipiga kelele kwamba kuwe kimya.

Maoni yalianza kabla jina la tamthilia halijamaliza kuandikwa.

"Jiko lako limenenepa," alisema Sahro.

"Ni kamera."

"Na huyo anayekalia stuli yako ni nani?"

"Ndiye Lorna. Hadithi ni yake."

Lorna alikuwa mke wa mtu, na katika dakika ya nne alipata simu ya pili ya mumewe ndani ya gunia la unga. Hapo mzee Oketch, aliyestaafu reli na kuanza kazi ya kukosoa, alitikisa kichwa.

"Aliyeandika hii hajawahi kuoa. Unga ndio kitu cha kwanza mwanamke anagusa asubuhi. Simu unaficha kwa viatu vyako vya mpira. Hakuna mwanamke anaingiza mkono huko."

"Kumbe!" alisema Sahro. "Nitamwambia mama watoto wako aanzie hapo."

Walicheka mpaka mmoja wa wajukuu pacha wa Truphena akaamka.

Dakika ya sita Lorna aliingia jikoni na kikombe, akafungua mfereji, na maji yakatoka. Wakati huo huo maji yakatoka jikoni kwenyewe, nyuma ya ukuta. Jacklyne, binti wa Truphena, alikuwa ameketi karibu na mlango akinyonyesha, akayasikia yakipiga sinki.

"Mama, maji," alisema, kama mtu anayesema kuna mgeni mlangoni.

Truphena alikwenda na sufuria. Kwenye skrini Lorna alisuuza kikombe, akalia kidogo, akafunga mfereji. Maji yakakatika pande zote mbili. Zilikuwa sekunde kumi na tisa, na sufuria ilikuwa na kama lita tatu, maji safi, baridi.

Mfereji huo ulikuwa mkavu miaka minne.

"Rudisha nyuma," alisema Oketch.

Walirudisha. Lorna aliingia tena na kikombe chake. Mara ya saba mtungi wa lita ishirini ulijaa, na wageni wakainuka mmoja mmoja kwenda kuchukua mitungi ya kwao, isipokuwa wale waliokuwa wameikalia ya Truphena, ambao waliuliza tu kama wanaweza kuazima.

Kufikia Jumanne mambo yalikuwa yamejulikana. Sahro alijaribu kuitazama kwa simu yake nyumbani, hakukutoka kitu. Ilibidi iwe televisheni ya Truphena, hapo sebuleni. Ukisimamisha picha, maji yalisimama hewani kama kijiti cha kioo, na ungeweza kukigusa, lakini hakikuingia mtungini. Ukipunguza mwendo, yalitoka polepole, lita zile zile tatu. Watu walipanga foleni kuanzia kwenye mlango wa jikoni, kupitia uani, mpaka kwa Sahro, na katika foleni hiyo ndimo tamthilia ilimojadiliwa.

Kwa ujumla waliipenda. Sahro, ambaye sasa alitawadha kwa maji ya Lorna, alisema mwigizaji anajua kazi yake ila ana haraka. "Angesuuza na sahani. Mke gani anaosha kikombe kimoja?" Wengine walisema kilio chake ni kifupi mno kwa mwanamke aliyesalitiwa; kilio cha kweli kingejaza karai. Ya dakika ya saba hawakuyajua. Hakuna aliyejua kama Lorna alimsamehe mumewe, wala sehemu ya pili ilihusu nini, kwa sababu ilisemekana jiko halimo.

Truphena ndiye aliyeshika rimoti. Hakuichoka. Jacklyne alikuwa amejifungua pacha wiki tatu zilizopita, na mama mkwe wake huko Butere alikuwa na kisima mita hamsini kutoka mlangoni. Jacklyne hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa amesema mara moja tu: "Mama, nepi ishirini kwa siku na mtungi mmoja haziendi. Nitangoja mpaka Jumamosi, halafu niende Butere." Begi lake lilikuwa limefungwa, liko nyuma ya mlango, na Truphena alipofagia alifagia kulizunguka. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa sababu ya kubeba mitungi kutoka ng'ambo ya barabara kubwa, na asubuhi nyingi alikuwa amesimama na pacha mmoja mkononi akihesabu siku.

Sasa kamba ya uani ilijaa nepi nyeupe. Lakini begi halikufunguliwa.

Alhamisi Jacklyne alikuwa akinyonyesha, na kwa kuwa uso wa Lorna alikuwa ameshaumaliza, alitazama dirisha lililokuwa nyuma ya Lorna.

"Mama, yule si mwenyekiti?"

Truphena alirudisha. Nje ya dirisha la jiko, mbali kidogo, mwanamume mwenye sweta ya mistari ya manjano alikuwa amesimama karibu na kile kifuniko cha chuma cha bomba la mtaa kilichoko nje ya geti. Lorna alipoingia na kikombe, mtu huyo aliinama, akainua kifuniko, akaingiza chuma kirefu chenye umbo la T, akazungusha mara mbili. Maji yakaja. Lorna alipofunga, naye alizungusha kinyume, akafunika, akajifuta mikono.

Ilikuwa sweta ya Kiarie, mwenyekiti wa mtaa. Ni yeye aliyewaambia watu wa mtaa, miaka minne mfululizo, kwamba bomba limekufa. Alikuwa ameliombea hata kwenye mikutano, macho yakiwa yamefungwa. Waigizaji walipokuja alisema maji yao yataletwa na boza, lori la maji. Kila mtu aliamini kwamba mwingine aliliona hilo boza.

Foleni ilipita sebuleni mtu mmoja mmoja kuangalia. Oketch alivaa miwani, akatazama mara tatu, akasema, "Huyu ndiye ameigiza vizuri kuliko wote."

Jumamosi walimwita Kiarie. Alikuja na daftari lake la mikutano, akasalimia kila mtu kwa jina, akauliza habari za pacha, akapewa kiti kile kizuri. Truphena alimpa chai. Kisha akabonyeza rimoti.

Kiarie alijitazama akiinama. Jikoni maji yalipiga karai.

"Hiyo sweta nimeitafuta sana," alisema.

"Mwenyekiti," alisema Truphena, "bomba halijakufa."

"Halijakufa, mama. Limepumzishwa." Alikunywa chai. "Nikiwafungulia ninyi, kule ghorofani presha haifiki juu. Ni orofa nane zile."

"Na wewe unakaa orofa ya ngapi?" aliuliza Sahro.

"Ya tano."

Alikuwa amehamia huko mwaka juzi. Walimsaidia kubeba makochi.

"Hebu tufungulie tu asubuhi," alisema Truphena. "Saa moja. Nina watoto wa wiki tatu hapa."

Kiarie alitazama kikombe chake. "Chai hii umepikia maji gani?"

"Ya Lorna."

"Ni tamu. Nguo hizo nje nazo?"

"Nazo ni maji ya Lorna."

"Basi mna maji."

"Hayo ni maji ya televisheni!" alisema Oketch.

"Mzee wangu, yanalowesha, hayaloweshi?"

Oketch alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Yanalowesha."

"Basi ni maji." Kiarie alifungua daftari, akaandika huku akisoma kwa sauti ili pasiwe na malalamiko baadaye: kwamba mtaa umethibitisha mbele ya mashahidi kuwa una maji, na kwamba suala la bomba limefungwa. Aliomba Oketch atie sahihi kama shahidi. Oketch alikataa. Kiarie akaandika kwamba shahidi amekataa, akamaliza chai, akaaga kila mtu kwa jina.

Jumatatu Oketch alikwenda kwenye kile kifuniko na spana yake ya reli. Alikuta kimechomelewa pande zote nne, weldi ikiwa bado na rangi ya buluu. Alirudi akashika nafasi yake kwenye foleni.

Jioni hiyo Truphena alifagia, na alipofika nyuma ya mlango fagio halikukuta kitu. Begi lilikuwa chini ya kitanda, tupu. Alikwenda uani, akaegemea ukuta, akashika bega lake kwa muda, kisha akarudi kuchukua rimoti.

Jacklyne alikuwa sebuleni, pacha wote wawili mapajani, uso kwa televisheni.

"Watoto wadogo hawatazami hivyo vitu," alisema Truphena.

"Hawatazami Lorna. Nawaonyesha dirisha."

Truphena alibonyeza. Lorna aliingia na kikombe. Nyuma yake mtu mwenye sweta ya mistari ya manjano aliinama, akainua kifuniko, akazungusha mara mbili, na maji yakapiga karai jikoni. Ilikuwa mara ya thelathini na nane kwa Kiarie kuwafungulia siku hiyo, na watu sita walikuwa bado kwenye foleni.