Aliyesimama Nyuma ya Kabibi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Septemba, mwaka wa themanini na tano, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Tulikuwa tunavunja matanga ya mke wangu Kabibi, mama wa mwanangu Tsuma, na ofisi ya shamba la mkonge ilikuwa imeahidi kuleta picha yake.

Mimi nilikata mkonge pale, yeye akaanika nyuzi. Picha nyingine hatukuwa nayo. Kipande chake cha kitambulisho alikichukua chifu nilipokwenda kuandikisha kifo, akasema ndiyo sheria. Sheria zao haziulizi mtu atabaki na nini.

Picha za wafanyakazi zilikuwa zimelala kwenye kabati la ofisi, zote pamoja ndani ya mikanda ya filamu, kila sura na namba yake ya foleni. Kisha akaja meneja mpya, akasema kila sura itolewe kwenye mkanda, isafishwe, iwekwe kwenye faili la mwenyewe. Kazi akapewa karani Thuku, aliyekuwa ametoka bara juzijuzi na hakumjua mtu hata mmoja kwa sura. Akafuata namba tu, ya kwanza kwa wa kwanza, ya pili kwa wa pili. Alipomaliza, mikanda ikachomwa, na karatasi ya majina ya foleni pamoja nayo, ofisi ipate nafasi.

Basi siku ile ya matanga Thuku alikuja na picha kubwa ya fremu, aliyoitengenezesha kwa mpiga picha wa Malindi, imefungwa karatasi ya kaki. Hakutaka ifunguliwe mpaka ahutubie. Akahutubia. Kampuni ni mzazi, akasema, na mzazi hasahau wanawe. Kisha akaifungua, akanikabidhi, akanigeuza niwaelekee watu.

Nikainamisha macho kuitazama. Alikuwa Nyaboke, Mkisii aliyekuwa akianika nyuzi pamoja na Kabibi. Na Nyaboke mwenyewe alikuwa pale na wanawake wenzake, anamenya muhogo.

Niliona, ndiyo. Lakini Thuku alikuwa angali amenishika bega, watu wanapiga makofi, na mimi ni mtu wa darasa la tatu, nimezoea kuambiwa shika nikashika. Nikabaki nimesimama na picha ya mke wa watu kifuani.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Ni tsoni, ile haya ya heshima. Mama yake Kabibi hakuwahi kunisemesha ila kupitia kwa mwanawe Kaingu.

"Kaingu," akasema, sauti ikafika hadi jikoni, "muulize mulamu wako, huyo aliyemkumbatia ni nani."

Kaingu akanitazama. "Mulamu, umesikia."

"Ni makosa ya ofisi," nikasema.

"Mwambie sikuuliza makosa ya nani. Mwanangu nilimzaa mimi, na huyo sikumzaa. Au ameshaoa, amekuja kutuonyesha bibi harusi?"

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa leso. Nyaboke akainuka, kisu bado mkononi.

"Huyo ni mimi," akasema. "Baba Tsuma, niweke chini. Nimekuja kumlilia mwenzangu, sikuja kujililia."

Thuku akawa anaikunja ile kaki. "Wanafanana," akasema. "Mtu yeyote angekosea."

Hapo mama mkwe akasahau tsoni. Akainua uso akanitazama machoni, mimi, si Thuku. "Mwanangu alifanana na nani?"

Nimewahi kufokewa na manyapara mbele ya watu nikasahau. Yale macho sijayasahau.

Jumatatu nilikwenda ofisini na Nyaboke. Tukamkuta Kamande, nyapara wa wanawake, ambaye siku ya kupigwa picha alikuwa wa kwanza mbele ya wanawake wake. Nyaboke akamwambia Thuku afungue faili la Mapenzi, aliyekuwa wa pili. Thuku akafungua. Mapenzi alikuwa na masharubu.

"Huyo si mimi?" Kamande akasema, akacheka.

"Nilidhani Mapenzi ni mwanamume," akasema Thuku.

"Mimi nilipigwa mara mbili. Ya kwanza nilifumba macho," akasema Kamande.

Basi ndiyo hivyo. Kamande alikula nafasi mbili kwenye mkanda, na kutoka kwake kila mwanamke akapewa sura ya aliyemtangulia, mpaka Kabibi akapewa ya Nyaboke.

"Ya Kabibi iko kwa aliyemfuata," nikasema. "Fungua na hayo mengine."

Meneja akatokea mlangoni mwake. "Faili la mtu si la kuchezewa. Nenda kaandike barua."

Anajua siwezi barua. Nikamgeukia Thuku, nikamuuliza kama kuna sura iliyobaki. Akatazama sakafu. Mwishoni ilibaki moja, akasema, haikuwa na mwenyewe, ikachomwa na mikanda. Ilikuwa ya aliyesimama mwisho.

Nyaboke anakumbuka mkono wa Kabibi begani mwake kwenye foleni. Mpiga picha alimwambia asigeuke, naye hakugeuka. Nimewauliza wanawake wa kuanika nyuzi mmoja mmoja, na kila mmoja anasema yeye alikuwa mbele ya Kabibi. Kabibi alikuwa mtu wa kusema tangulia. Kisimani alisema hivyo, na zahanatini pia, siku alipozidiwa: tangulia mwenzangu, mimi nangoja.

Ile fremu niliirudisha ofisini. Kwa kina Kaingu sijakanyaga tena. Nitakwenda na uso gani? Barua nimeandikiwa na mwalimu mmoja, na meneja bado ananyamaza. Nami nimeuliza jambo moja tu: nyuma ya Kabibi kulikuwa na mtu?