Adui Ndiye Steringi

Kwenye banda la video la Lugembe, pale Kanyenye, muvi haianzi mpaka mwenyewe, anayezitafsiri papo hapo, atangaze steringi ni nani na adui ni nani. Jumapili hiyo misa ilikuwa imetoka, mabenchi yamejaa hadi mlangoni, na mbele kabisa ameketi mama yake, Bi Veneranda, ambaye hakuwahi kukanyaga humo. Alikuja kwa kuwa alisikia ni muvi ya Vita vya Kagera, imetengenezwa na Waganda. Mumewe aliiendea vita hiyo Lugembe akiwa tumboni, asirudi.

"Adui huyu hapa!" Lugembe alinguruma kwenye maikrofoni, kijana wa jeshi la nduli wa Uganda alipotokea. "Leo mtamwona!"

Lakini picha ikang'ang'ania huyo huyo: anatoroka kikosi, anajificha migombani, anaugulia mguu.

"We Lugembe," akapaza Masanja, mchuuzi wa ng'ombe, "adui gani haondoki kwenye kioo? Steringi kafa njiani?"

"Tulia, Msukuma! Huu si mnada."

Watu wakaangua kicheko. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalisema kijana anataka kwenda kwao. Lugembe akakitazama kisogo cha mama yake, akatafsiri, "Nitawachinja Watanzania wote!" Banda zima miluzi. Mama hakugeuka.

Kisha askari wetu wakamzingira yule kijana. Akanyoosha mikono, na safari hii hakusema Kiganda. Akasema Kiswahili, kile cha jeshini kwao: "Ndugu zangu, msiniue. Mama yangu ananingoja."

"Nitawachi—" Lugembe alikuwa ameshaanza. Akameza maneno. Banda zima lilikuwa limeshamsikia kijana mwenyewe.

"Rudisha nyuma," mama akasema. "Pale watu walipopiga miluzi. Alisema nini?"

"Mama, huyo ni adui tu..."

"Nimekuuliza alisema nini."

Akabonyeza rimoti. "Anasema anataka kwenda kwao."

"Na migombani?"

"Alikuwa anamwita mama yake."

"Ah, huu sasa msiba, si muvi!" Masanja akainuka, na benchi lake lote likamfuata nje. Bi Veneranda akauma pindo la khanga, akaliachia.

"Mimi usingizi naupata nikishamlaani aliyemuua baba yako. Kila usiku. Sijawahi kumfikiria ana mama. Leo nitalalaje, mwanangu?"

Lugembe akainua rimoti. "Nizime?"

"Usizime. Sema anavyosema."

Lugembe akarudi kwenye maikrofoni, akasema.