Anicet Alisema Ni Ghali

Watu wananiuliza, Kwizera, wewe si ulienda yale maonyesho ya bunduki, bei zao zikoje? Kuna faida? Mimi najibu hivi: kama una laiseni, nenda dukani. Lipa bei ya duka, rudi nyumbani. Kwenye maonyesho unalipa mlangoni kwanza, hata hujaona kitu. Ukiingia, nusu ya meza zinauza visu, medali za vita, viatu vya jeshi na nyama kavu. Bunduki nzuri bei yake ni ile ile ya dukani. Ya bei rahisi ina sababu ya kuwa rahisi. Unaokoa dola hamsini, unapoteza siku.

Sisi tulipoteza zaidi ya siku.

Kaka yangu Anicet ana miaka thelathini na nane, amenizidi kumi na sita. Yeye alizaliwa Burundi, mimi nilizaliwa kambini, upande wa Tanzania. Sasa tunakaa ughaibuni, mji unaitwa Blacktown, fleti moja, yeye na mke wake Gloriose na watoto watatu, na mimi kwenye sofa. Mimi nabeba maboksi kwenye bohari. Shule niliacha mapema, sijutii, usinianze. Anicet anapiga deki hospitali, Westmead, mwaka wa tisa huu.

Mwaka jana akapata bahati. Mtu wa kanisani alimuunganisha na shamba la kondoo, mwendo wa saa nne kutoka hapa, ukishavuka milima. Kazi ya kudumu, na nyumba juu yake. Nyumba! Vyumba vitatu na kiwanja cha kulima. Gloriose kule kambini alikuwa analima mchicha kwenye viroba. Aliposikia kiwanja, alikaa chini kwanza. Sharti lilikuwa moja tu. Mbweha wanamaliza wanakondoo, sungura wanamaliza majani, kwa hiyo kila mfanyakazi anakuja na laiseni yake na bunduki yake. Bosi alisema wazi: ukija siku ya kwanza bila bunduki, kazi nampa mwingine.

Anicet akafanya kozi, akafaulu. Akasubiri laiseni miezi na miezi, ikaja, kadi yenye picha yake. Pemiti nayo ikatoka, yaani kibali cha kununua, ya miezi mitatu. Kikabaki kununua tu.

Hapo ndipo akakwama. Alienda duka la kwanza, akarudi mikono mitupu. "Ghali," akasema. Duka la pili, ghali. La tatu Gloriose alimpa hela mwenyewe kwenye bahasha, hela walizoweka kwa hiyo kazi, akarudi na bahasha vile vile.

"Ghali sana, mama watoto."

Mimi nikamwamini. Sasa ningekosaje? Huyu ni mtu anayezunguka Cabramatta nzima kutafuta ndizi zilizopungua senti ishirini. Nikamwambia, "Kaka, wewe unanunua kama mzungu, unasoma bei halafu unaogopa. Jumamosi kuna maonyesho ya bunduki, upande wa Penrith. Wauzaji wote wako ukumbi mmoja, wanagombania mteja. Kule bei inashuka."

Gloriose ndiye aliyedakia, ana utepe wa gundi mkononi, anafunga boksi la vyombo. "Nendeni. Pemiti inaisha Jumatatu, kazi inaanza Jumatatu. Baba Lina, unangoja nini, Yesu arudi akupe bunduki?"

Jumamosi saa nne asubuhi tuko pale, kwenye uwanja wa magari. Anicet akazima injini. Hakushuka. Milango ya ukumbi ilikuwa wazi na ndani unaona meza ndefu, na juu ya meza bunduki zimelazwa moja moja kama samaki sokoni, na watu wanaziokota, wanazilenga dari, wanarudisha.

"Twende," nikasema.

"Nenda wewe."

"Mimi nina laiseni?"

Akatoa kadi yake, karatasi ya pemiti na bahasha, akaniwekea mapajani. "Tunafanana. Wazungu hawatujui. Kambini si ulikuwa unanichukulia posho?"

Hiyo ni kweli. Kambini kadi ya posho ndiyo mtu. Ukiumwa, anaenda mdogo wako. Mdogo wako akiumwa, anaenda jirani. Yule wa mizani anatoboa kadi, anakupimia unga na maharage, sura yako haimhusu. Mimi nikiwa na miaka minane nilikuwa napanga foleni na kadi za nyumba tatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza mbona nimekuwa mama wa watoto sita.

"Hapa siyo kambini, kaka."

"Kadi ni kadi."

Ndipo nikamwangalia vizuri. Ilikuwa Juni, baridi ya kutoa moshi mdomoni, na yeye jasho linamtiririka puani. Mikono bado iko kwenye usukani na gari limezimwa. Nikakumbuka duka la kwanza, la pili, la tatu. Nikajiona mjinga. Nimemtoa kwenye duka lenye bunduki ishirini nyuma ya kioo, nimemleta kwenye ukumbi wenye elfu.

"Ni mambo ya Bigirimana?" nikauliza.

Bigirimana ni kaka yetu wa kwanza, aliyepotelea vitani kule Burundi. Mimi simjui. Namsikia tu mama akimtaja kwenye sala.

"Walituingiza ukumbi wa shule," Anicet akasema. "Bunduki walizilaza juu ya madawati. Hivi hivi. Wakawa wanachagua."

Sikuuliza walikuwa wanachagua bunduki au watu.

"Na kwenye kozi ulishikaje?"

"Ilikuwa moja. Nje, kwenye majani. Na mwalimu alikuwa mama mzee, ananiita mpenzi."

Simu yake ikalia juu ya dashibodi. Gloriose. Hakupokea. Ikakata, ikalia tena.

Mtu mwenye akili angesema basi, washa gari, tumpigie bosi, tuseme ukweli. Mimi sikai na jambo muda mrefu, ndiyo tatizo langu, nikiona mlango naingia. Nikachukua kadi nikashuka.

Mlangoni walitaka hela tu, wakanigonga muhuri mkononi. Ndani kunanuka mafuta ya mashine na soseji. Nikazunguka. Nikaona bunduki ya sungura, ya risasi ndogo, nikakumbuka bei ya aina hiyo hiyo niliyoiona kwenye simu, ya dukani, mpya, na tofauti ilikuwa ndogo hata ya kununulia soseji haitoshi. Nyingine rahisi kweli, ila mtutu umeliwa na kutu ndani, hata mimi niliiona. Basi nikasimama kwenye meza ya mzee mmoja, Kev, jina lake ameliandika kifuani, ndevu nyeupe, anakunywa chai kwenye kikombe cha chuma. Alikuwa na moja safi, mti wa kitako chake unang'aa.

"Hiyo ilikuwa ya mke wangu," akasema. "Alikuwa analenga kuliko mimi."

"Punguza basi, nimpelekee mwingine."

Akacheka. Nikataja bei, akashika kifua kama nimemchoma. Nikajifanya naondoka, akaniita. Tukasogea, tukasogea, mpaka nikamshusha vizuri. Nakwambia nilijisikia raha. Nilishasahau nimefuata nini, nilikuwa nashinda tu.

"Kadi na pemiti," Kev akasema. "Yule mama wa meza ya mwisho ndiye dila, muuzaji aliyesajiliwa, ataandikisha."

Nikampa. Akaangalia picha, akaniangalia mimi. "Umekonda."

"Kazi."

"Siku ya kuzaliwa?"

"Tarehe moja, mwezi wa kwanza."

Hapo nilimpata. Sisi wa kambini wote tumezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, ndivyo waliotuandika walivyotuandika, mimi, Anicet, Gloriose, hata bibi. Kev akatikisa kichwa, sawa.

"Haya, ishike, uone kama inakufaa bega."

Nikaiokota. Nikaiweka begani kama nilivyoona kwenye sinema, kidole kwenye triga, jicho moja nimefumba, nikageuka nayo taratibu kutoka ukutani mpaka mlangoni, nikiupitisha mtutu juu ya watu wote waliokuwa katikati. Mama mmoja akamvuta mtoto wake chini. Jamaa wa meza ya pili akatoa sauti.

Kev hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya mtutu, akaushusha mpaka sakafuni, akaichukua bunduki kutoka mikononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akavuta komeo nyuma, akatazama ndani, akaweka kidole kuhakikisha hakuna risasi.

"Mtu aliyepita kozi," akasema, "hili ndilo la kwanza kufanya. Hata amelewa. Hata usingizini. Wewe hujawahi kushika bunduki maishani mwako."

Akaiinua kadi mbele ya macho yangu.

"Hii kadi ya nani?"

Ningeweza kusema yangu. Ningeweza kukimbia, mlango uko wazi. Lakini kadi ilikuwa mkononi mwake na jina la Anicet liko juu yake.

"Ya kaka yangu. Yuko kwenye gari."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa kwa nini hakuja mwenyewe?"

Ningemwambia nini mzee yule, katikati ya soseji? Nikampigia Anicet. Nikasema kwa Kirundi, njoo, wamenishika. Maneno hayo nimeyajutia. Kuna watu hupaswi kuwaambia wamenishika.

Alikuja. Nilimwona anaingia mlangoni bila kulipa, yule wa muhuri anamwita, yeye hasikii. Alitembea akiangalia viatu vyake, katikati ya zile meza zote, mkono mmoja unagusa ukingo wa kila meza kama mtu anayehesabu. Nyuma ya Kev alishafika polisi wa kike, alikuwa zamu pale pale ndani, kijana tu, labda rika langu.

"Kadi ni yangu," Anicet akasema. Kiingereza chake kilitoka kizima, sijawahi kukisikia hivyo. "Mimi nimempa. Yeye hana kosa."

"Kosa analo," polisi akasema. "Na wewe pia."

Kev akamwangalia Anicet muda mrefu, jasho lile, koti limelowa kwapani. Kisha akamuuliza polisi, "Naweza?" Hakusubiri ajibiwe. Akarudisha komeo la bunduki, akailaza mezani mbele ya kaka yangu. "Nionyeshe kama kadi ni yako kweli."

Nilidhani ataanguka. Alifuta viganja kwenye suruali, akaushika mti. Akaiinua, mtutu unaangalia chini, kidole kiko mbali na triga. Akavuta komeo, akatazama ndani, akaweka kidole, akatazama tena. Mara tatu aliangalia. Akailaza bila kutoa mlio, komeo wazi, akarudi hatua moja nyuma.

"Haina kitu," akasema.

"Haina kitu," Kev akajibu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Bwana, si ungekuja mwenyewe tu? Ningekuuzia kwa ile bei aliyotaja mdogo wako kwanza."

Polisi yule hakuwa mbaya. Aliandika majina yetu, akarudia kuuliza maswali yale yale, akamwambia Anicet kadi na pemiti anaondoka navyo yeye polisi, laiseni imesimamishwa, barua itakuja, na mimi nitaitwa. Anicet akasema ndiyo, afande. Afande! Kwa Kiswahili. Yule dada hata hakujua ameitwa nini.

Garini kaka alimpigia mwenyewe bosi wa shamba. Nilimwambia subiri mpaka kesho, akakataa. Akasimulia yote, mpaka kambini, mpaka kadi ya posho. Nilisikia sauti ya yule bosi, si ya ukali. Alisema anaheshimu mtu anayesema ukweli, na kwamba mwezi huu wanakondoo wanazaliwa, hawezi kusubiri. Akamtakia heri.

Tukarudi. Mimi nikajaribu, mara moja tu. "Kaka, kumbe ungeweza."

"Sikujua."

"Sasa unajua."

"Sasa sina kadi," akasema, akawasha taa ya kukata kona.

Gloriose alikuwa kwenye korido, maboksi mpaka darini, binti yao Lina amekaa juu ya moja. Aliangalia mikono yetu. Mitupu. Akamwangalia mume wake.

"Haya. Bei gani leo?"

"Ilikuwa gha..."

"Siyo ghali, shemeji," nikasema. "Haijawahi kuwa ghali." Nikamwambia yote hapo hapo nimesimama, uwanja wa magari, kadi, nilivyoupitisha mtutu juu ya watoto wa watu, polisi, bosi. Nilitegemea kelele. Gloriose ana kelele, jengo zima linamjua.

Hakunipigia kelele. Hata hakuniangalia. "Uliingia mle ndani?" akamuuliza Anicet.

"Niliingia."

"Zilikuwa nyingi?"

"Nyingi."

"Ukatoka."

"Nimetoka, mama Lina."

Alishika mkono wake, akaugeuza, akakiangalia kiganja kama kuna kitu kimeandikwa. Kisha akamwinua Lina kutoka juu ya boksi, akachukua kisu, akakata ile gundi aliyoibandika mwenyewe asubuhi. Akatoa sufuria moja, akatafuta mfuniko wake, hakuupata.

"Kwizera," akasema, amenipa mgongo, "fungua hayo mengine. Watoto hawajala."