Bi Mwisho

Walikuwa dada watatu, wasio wa damu moja, waliopanga nyumba moja, na mmoja wao alipewa jina la Bi Mwisho na wenzake wawili. Alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Filamu ikifika katikati, alijiegemeza kitini, akafumba jicho moja, akatangaza nani atakufa, nani ataolewa na nani ataachwa kituoni na begi lake. Hakuwahi kukosea. Na kwa kuwa sheria ya nyumba ilisema anayebashiri vibaya ndiye anayeosha vyombo, mikono yake ilikuwa laini kama ya bibi harusi.

Wenzake, Muuguzi na Fundi, kwenye filamu walikuwa hawapatani hata kidogo. Muuguzi alitaka miisho ambayo watu wanarudiana na mgonjwa anainuka kitandani. Wanaokufa nawaona kazini, alikuwa akisema, siwezi kuwakaribisha tena sebuleni. Fundi, aliyekuwa akishona nguo za watu kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, alitaka miisho michungu. Watu wakikumbatiana mwishoni alisonya, akasema uongo huo wapewe watoto. Basi wakapeana zamu ya kuchagua filamu ya Jumamosi mchana, na asiye na zamu aliruhusiwa kununa lakini si kugusa rimoti.

Sasa, kipaji chenyewe. Bi Mwisho aliuza miwani mjini. Filamu ya Jumamosi ilikuwa ikijulikana mapema, naye saa ya chakula alijifungia kwenye chumba cha kupimia macho, akaitafuta kwenye simu, akaipeleka mbele mpaka mwisho. Ndicho kipaji, hakuna kingine. Lakini nimtendee haki: hakuanza kwa ujanja. Mara ya kwanza kukaa na wenzake mbele ya televisheni alilia mwishoni, kilio cha sauti na makamasi, nao wakacheka mpaka Fundi akateleza kwenye kiti. Hawakucheka kwa ubaya. Yeye aliona haya kiasi kwamba tangu siku hiyo hakukubali mwisho wowote umkute hajajiandaa. Aliulilia kwanza peke yake, akanawa uso, akarudi nyumbani macho makavu. Kubashiri kulikuja baadaye, na sifa zikafuata. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Maji aliyatia siku Fundi alipomjia chumbani na begi mkononi. Fundi na baba yake walikuwa hawasemeshani tangu alipoacha chuo cha ualimu akashika cherehani. Mzee alimwambia mbele ya wajomba kwamba hana tena binti. Sasa kaka yake amepiga simu kusema mzee amedhoofika, anamtaja jina, aje Jumamosi. Fundi alikuwa amekwisha kuitikia, nguo amepanga, na ghafla miguu ikawa mizito.

"Dada, wewe mambo ya mwisho unayaona," alisema. "Nikienda atanipokea, au atanifukuza tena mbele za watu?"

Hapo palihitajika neno moja tu: sijui. Si neno gumu, hata mtoto analitamka. Lakini Fundi alikuwa akimtazama kama mtu anayesubiri majibu ya daktari, na Bi Mwisho akaona jina lake lote liko hatarini pale mlangoni. Mwisho huu haukuwa kwenye simu. Akafumba jicho moja.

"Usiende," akasema. "Mzee wa namna hiyo habadiliki. Wewe mwenyewe kila siku unasema, miisho ya kukumbatiana ni uongo."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akarudi kuzitoa nguo kwenye begi. Simu aliizima ili kaka yake asimpate, akamsimulia Muuguzi alivyobashiriwa. Jumamosi ile walitazama filamu aliyoichagua yeye, chungu kwelikweli, na Bi Mwisho akabashiri sawasawa. Vyombo aliosha Muuguzi.

Za mwizi ni arobaini. Wiki iliyofuata miwani ya Muuguzi ilivunjika mkono, akaenda nayo dukani saa ya chakula. Mhudumu wa mbele akamwambia apite tu, rafiki yake yuko ndani. Akasukuma mlango wa chumba cha kupimia macho, akamkuta Bi Mwisho anapangusa machozi, na kwenye simu majina ya waigizaji yanapita. Ilikuwa filamu ya Jumamosi ijayo, aliyoichagua Muuguzi mwenyewe.

Muuguzi aliitazama simu, akamtazama mwenye simu. Vyombo vyote alivyowahi kuosha lazima vilimjia kichwani, lakini hakuvitaja.

"Na ule mwisho wa baba yake Fundi," akauliza, "uliuona wapi?"

Bi Mwisho alitamani ardhi ipasuke immeze. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuuona popote. Muuguzi akamwambia akamweleze mwenyewe, leo hii, kabla hajaelezwa na mtu mwingine.

Alikwenda. Pale kibarazani Fundi alikuwa anampima mteja, pini zimejaa mdomoni, na aibu haisubiri mteja aondoke. Bi Mwisho akayasema yote, simu, chumba cha macho, jicho la kufumba, huku mteja akijifanya anaangalia barabarani. Fundi hakuweza kujibu kwa sababu ya pini. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake, akamaliza kupima kiuno, akafunika cherehani. Kisha akaondoka bila kugeuka. Jioni begi lake halikuwepo nyumbani.

Alirudi Jumamosi ya wiki iliyofuata, wenzake wakiwa wamemaliza kula. Alimweleza Muuguzi, akikaa upande wa Muuguzi. Baba yake alimshika mkono hakutaka kuuachia, akamwuliza kama cherehani inamlipa vizuri, akamwita binti yangu mbele ya wajomba walewale. Muuguzi alifurahi mpaka akapiga makofi. Bi Mwisho naye akashusha pumzi, na kwa kukosa akili akafungua mdomo.

"Afadhali. Kumbe limeisha vizuri."

Fundi akamgeukia kwa mara ya kwanza.

"Jumamosi ile alinisubiri stendi," alisema. "Alivaa shati nililomshonea zamani. Tangu asubuhi yuko kwenye benchi, kila basi likiingia anasimama. Jioni kaka akamfuata, akamwambia sipatikani kwenye simu. Akasema tungoje kidogo, labda basi limeharibika njiani."

Bi Mwisho alikosa pa kuuweka uso. Akakusanya sahani, akaenda jikoni, akafungua bomba mpaka mwisho ili maji yapige kelele, lakini kilio kikayashinda maji, kilekile cha sauti na makamasi. Sebuleni walimsikia. Safari hii hakuna aliyecheka.