Maji Yaliyooshea Kijiko

Ukanda ule wa udongo kando ya reli, mtaani Kampemba, ukoo wa Laurentine ulikuwa umenyang'anywa mara tatu, kila mara ukaurudia, na Laurentine hakusahau hata moja. Mara ya kwanza bwana mkubwa mmoja alitaka kupanda mawaridi. Mara ya pili wakubwa wa gwaride walitaka mahali pa kukanyagia. Mara ya tatu ulikuja mradi wa kuku: kuku hawakuonekana, ila waya wa kuwazungushia ulifika siku ileile, na mpaka leo upo, umeota kutu. Sasa, mwaka wake wa kumi na mmoja wa kuuza miche hapo, mara ya nne ilikuja kwa pikipiki, imevaa kofia. Jina lake Ingénieur Sylvain, injinia wa kilimo.

"Hii nafasi inaomba muntu wa masomo," Sylvain alimwambia Papa Adalbert, chifu wa mtaa.

Papa Adalbert hakupenda ugomvi kabla ya chakula, wala baada yake. Akaamua: kila mmoja apande vijiti hamsini vya bugenvilia. Baada ya wiki sita ving'olewe mbele ya watu. Mwenye mizizi mizuri abaki na ukanda. Mwingine abebe ndoo zake.

Siku ya kupanda, Sylvain alikuja na kopo la unga mweupe.

"Hii iko hormone, mama. Auxine. Weye hauwezi kujua."

Laurentine alikuwa anaijua oksini kabla kofia ile haijashonwa. Jirani yake Claudine, muuza samaki wakavu kutoka Pweto ziwani, aliwahi kununua kwa kilo vitabu vya shule ya kilimo iliyofungwa, akawa anafungia samaki. Laurentine alikula samaki, akasoma karatasi. Mkia mmoja, ukurasa mmoja. Akajua kwamba oksini hutoka kwenye vichipukizi vya juu, hushuka hadi kwenye kidonda cha kijiti, huko ikaita mizizi. Kwamba ikizidi, mti hutoa ethilini, hewa ileile inayoivisha ndizi ndani ya gunia, na ethilini humwambia mzizi: simama hapo hapo. Kwamba sitokinini nayo hutengenezwa kwenye ncha za mizizi, ikapanda juu kufungua macho ya matawi, na huko chini huvutana na oksini kuhusu mzizi ukue kiasi gani. Nani hushinda? Ukurasa uliofuata ulikuwa umefungia kapenta, dagaa wa mtu mwingine.

Basi angeweza kumwambia: tia kidogo tu. Alifungua mdomo. Akakumbuka mawaridi. Akaufunga. Kisha akaufungua tena, kwa kazi nyingine.

"Ingénieur, kijiko moja tu? Mi niliwaza bantu bakubwa banatiyaka mingi."

"Moja?" Sylvain akacheka. "Mama, hapa hatutumike kazi ya njaa!"

Akachota, akarundika, akachovya hadi vijiti vikawa vyeupe kama vidole vya mwoka mikate. Claudine, aliyekuja kutazama, akataka kusema neno. Laurentine akamkanyaga mguu.

Alipomaliza, Sylvain alinyoosha kijiko upande wa Laurentine bila hata kumtazama.

"Unisafishie hii."

Mama wa miaka hamsini na minane! Claudine alishika kichwa. Lakini Laurentine alipokea kwa mikono miwili.

"Ndiyo, Ingénieur."

Akakiosha ndani ya ndoo yake, polepole, mpaka kikang'aa. Maji hakuyamwaga. Alisimamisha humo vijiti vyake hamsini, miguu tu, vikanywa mpaka jioni. Ndipo akavipanda.

Wiki ya nne vyake vilifungua majani. Vya Sylvain vilikuwa bado vimefumba macho.

"Vyangu vinatumika kazi ya chini kwanza," alisema.

Siku ya kung'oa, mtaa mzima ulisimama kwenye reli. Papa Adalbert alivuta kijiti cha Sylvain. Chini kilikuwa kimevimba, na vijizizi vifupi, vinene, kama meno ya mtoto.

"Hii iko tangawizi," alisema Papa Adalbert. Cha pili, hivyohivyo. Cha tatu kilikuwa kimeoza.

Akavuta cha Laurentine. Mizizi ikamwangukia mpaka kwenye kiwiko. Watu wakapiga kelele. Kati ya vijiti hamsini, arobaini na kimoja vilikuwa hivyo.

Sylvain alivua kofia. "Mama, ulitiya nini?"

"Hormone yako."

"Uliiba!"

"Niibe? Weye mwenyewe njo ulinituma nisafishe kijiko. Nilisafisha." Akafungua fundo la kitenge, akakitoa kikimeremeta. "Ulikisahau. Kamata."

Papa Adalbert alijikaza asicheke, akashindwa. "Ukanda ni wa mama," alisema, akijifuta macho.

Sylvain aliwasha pikipiki.

"Ingénieur, ngoja kidogo!" Laurentine akaonyesha ule waya wenye kutu. "Kwa kuwa uko na pikipiki, utubebeye na hii waya ya bakuku. Ilikuja na benzako."