Jumamosi za Springfield

Gervas alipenda vikao kama watu wengine wanavyopenda usingizi. Siku za kazi alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kuingia majengo ya watu kwa mlango wa nyuma. Jumamosi alikuwa Mheshimiwa Mwenyekiti, na ole wako umkatize. Vuli ile ya mwaka 2006 aliongoza kamati ya harusi ya binti wa Bupe, na vikao vilifanyika nyumbani kwa Bupe, Springfield, upande wa Virginia. Yeye mwenyewe aliishi Adelphi, upande wa Maryland, na kila Jumamosi alizunguka nusu ya Beltway, barabara kuu ya kuizunguka Washington, bila kunung'unika.

Jumamosi moja gari lake lilikuwa gereji, gia boksi imekufa, akalazimika kupelekwa na mwanawe. Elkanah alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kidogo kilichopakana na nyumba yao, na alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatiana na kuangushana. Wiki hiyo timu ilipumzika, la sivyo asingepatikana.

Timu yenyewe haikuwa na uwanja. Ilicheza mechi zake za nyumbani kwenye uwanja wa kukodi, mbali na chuo, na majukwaa yalikuwa matupu. Wakubwa wa chuo walikuwa wakibishana kama wajenge uwanja wao pale pale chuoni: watu watakuja kweli, au watajenga matofali ya kukaliwa na njiwa? Elkanah alikuwa akisema watakuja, akisema mpaka anakaukiwa na koo. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa babake. Miaka yote Gervas alimwambia, "Mwanangu, mnakochezea ni mbali. Wakijenga hapa chuoni, mimi nitakuwa wa kwanza kufika." Mama yake, Benadetha, hakuhesabiwa, alikuwa akitunza wazee, na zamu yake ilikuwa ya wikiendi.

Walipotoka barabara kuu na kukata kulia penye kituo cha mafuta, Elkanah alipunguza mwendo. Juu ya mapaa zilionekana taa ndefu za uwanja.

"Baba, that's our stadium."

"Kumbe?" alisema Gervas.

"Huwa unapita hapa? Every Saturday?"

"Nikiendesha huwa sitazami kando."

Lilikuwa jibu la kijinga na alijua. Mitaa miwili mbele wakafika kwa Bupe.

Kikao kilianza kwa kuchelewa, na ajenda ya kwanza ilikuwa mahudhurio. Walioahidi kuja walikuwa wengi, waliokuja walienea kwenye masofa mawili. Simiyu, Mkenya aliyeoa upande wa bwana harusi, alikuwa na dawa yake.

"Chairman, wasee wa Hyattsville, kule Maryland, hawakuji juu ya umbali. Tuhamishe hii meeting ikuwe kwangu. Utaona vile itajaa."

Mtu mwenye busara angesema tutalitazama. Lakini Gervas alikuwa amekalia kiti, na akikalia kiti mdomo wake huwa hauna breki.

"Ndugu Simiyu, umbali si sababu! Mwezi uliopita tulikuwa na msiba Baltimore. Baltimore ni karibu? Mbona tulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi? Mtu akitaka kuja, anakuja. Ukiona mtu anakwambia ni mbali, ujue hataki, na hana ujasiri wa kusema kwamba hataki."

Wakapiga makofi. Bupe akapiga na vigelegele. Gervas akageuka kuyapokea makofi, na macho yake yakakutana na ya Elkanah, aliyekaa karibu na mlango na sahani ya sambusa magotini. Kijana hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa anamwangalia tu, kama mtu aliyepewa jibu la swali alilolisumbukia siku nyingi.

Kikao kilipoisha walirudi. Walipokaribia nyumbani ndipo Elkanah aliposema, "Monday naongea mbele ya wakubwa wa chuo. About the stadium. Nilikuwa niwaambie kuhusu wewe."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini, Baba?"

Gervas alifungua mlango kabla gari halijasimama vizuri.

Ukweli ulikuwa mdogo na wa aibu. Mwaka wa kwanza wa Elkanah, Gervas alikwenda kwenye mechi mara moja. Alikaa katikati ya wazazi wengine bila kuelewa kitu. Ghafla kijana mmoja akachomoka na mpira, akakimbia peke yake mpaka mwisho wa uwanja, na Gervas akaruka, akapiga mluzi, akashangilia kwa nguvu zote. Kijana alikuwa wa timu pinzani. Jukwaa zima liligeuka kumtazama, na mama mmoja akacheka mpaka akafuta machozi. Gervas aliondoka kabla ya mwisho, na jioni akamwambia mwanawe kwamba foleni ilimrudisha njiani. Kwa Bupe alikuwa Mwenyekiti. Kule alikuwa Mwafrika asiyejua mpira. Akachagua kiti.

Wiki ile hakutulia. Jumatatu alipanda ghorofa ya nane kurekebisha lifti iliyokuwa imekwama ghorofa ya tatu. Jioni alimngoja mwanawe mlangoni, akiwasha redio na kuizima.

"Imekwendaje huko?"

"It was fine."

"Ulisema nini?"

"I said what I had to say." Kisha akaingia chumbani.

Gervas alijikuta akijadiliana na kijiko, na sufuria, na Benadetha aliyetaka kulala. Aliona wazi: mwanawe amesimama mbele ya wakubwa na kuwaambia msijenge, umbali ni uongo, namjua mtu. Alistahili kusemwa hivyo, na kujua hivyo hakukumpunguzia chochote.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mechi ya mwisho ya Elkanah, na kikao cha mwisho cha harusi. Gari lilikuwa limepona. Gervas alipita penye kituo cha mafuta akitazama mbele, shingo imekakamaa. Akaongoza ajenda ya vinywaji. Akaongoza ajenda ya ukumbi. Kisha Bupe akafungua dirisha kutoa moshi wa jikoni, na ngoma za bendi ya uwanjani zikaingia sebuleni. Gervas alisoma mstari mmoja wa ajenda mara tatu, hakuona neno.

"Simiyu," alisema, akasimama. "Kalia kiti."

"Mwenyekiti, unakwenda wapi?" Bupe alishtuka. "Hatujafika kwenye keki!"

"Nakwenda mpirani."

Alifika mechi ikikaribia kwisha. Jukwaa lilikuwa na watu wachache, kila mmoja na baridi yake. Akasimama penye uzio kumtafuta mwanawe. Wote walivaa helmeti. Wote walikuwa na mabega ya bandia. Hakujua Elkanah anavaa namba gani.

Karibu naye alikuwa mzee Mmarekani mweusi, amejifunika blanketi la rangi za timu. Gervas alimuuliza kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kwao, kwa sauti ya chini, ni yupi Elkanah.

"Hamsini na nne," alijibu mzee kwa Kiswahili. "Yule anayefunga kiatu." Akacheka kuona Gervas ameduwaa. "Naitwa Ajamu. Nilisoma Kiswahili chuo kikuu, zamani. Mwanangu ni namba saba pale. Elkanah hunisahihisha kila baada ya mechi. Hataki kabisa niongee naye Kiingereza."

Nyumbani Elkanah hakuwahi kuzungumza Kiswahili bila kuchanganya Kiingereza tangu darasa la nne.

"Na wewe ni mwalimu wake wa Kiswahili?" aliuliza Ajamu.

"Baba yake."

Ajamu alisimama, blanketi likaanguka, akaushika mkono wa Gervas kwa mikono yake miwili.

"Baba yake! Jumatatu nilikuwepo mkutanoni. Yule kijana aliongea vizuri sana. Waliuliza, tukijenga karibu, nani atakuja? Alisema: baba yangu. Alisema, baba yangu ni mtu wa kufika, watu wake wakimhitaji hufika popote. Huku tu ndiko kunamshinda, kwa sababu ya umbali." Akautikisa ule mkono. "Pole sana na safari."

Gervas alijua jibu lake, hata mtoto analijua. Lakini si hilo alilolitoa.

"Si mbali," alisema. "Mzee, mimi sikutoka mbali. Nilikuwa hapo tu."

Ajamu alicheka kwa upole, kama anayemjua vizuri mzazi asiyependa kusifiwa. Akasogea, akampisha kwenye benchi na kumgawia nusu ya blanketi.

"Keti, baba," alisema. "Keti upumzike."

Gervas akakaa, machozi yakimlenga, akamtafuta tena hamsini na nne.