Sauti ya Tatu

Jumamosi tarehe 14 Agosti 1954, ndani ya kanisa letu hapa Voi, binti yangu Dinah alisimama mbele ya mama wa Kizungu aliyetoka Mombasa, akaanza kuimba, na sauti ikamwacha katikati ya wimbo. Ilipanda vizuri mpaka karibu na pale pa juu ambapo wimbo ulitaka ifike. Halafu ikatoka pumzi tupu. Mdomo uko wazi, kifua kinafanya kazi, na hakuna kitu.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma, kofia magotini. Ni mtu wa gengi ya reli, wale wa kutengeneza njia ya treni, nimesoma mpaka darasa la pili, mambo ya muziki siyajui. Lakini hata mimi nilijua tumekwisha.

Yule mama alikuwa amepewa kazi ya kuwasikiliza vijana wanaotaka kwenda chuo kikuu Uingereza kusomea digrii ya kuimba. Nafasi ilikuwa moja tu kwa mwaka, na chuo kingemsomesha bure huyo atakayeipata. Alikuwa njiani kwenda Tsavo kutazama tembo, akakubali kusimama Voi kidogo. Ndiyo heshima tuliyopewa.

Najua watu walicheka. Hata jirani yetu Saadiya, mke wa Badawy mwenye duka pale Kaloleni, alinisimamisha barabarani mwanzoni kabisa.

"Baba Dinah, wenzio wapeleka wana Ulaya wakasomee udaktari. Wewe wampeleka wako akasomee kuimba? Kwani huku haimbi?"

"Anaimba. Anataka awe mwalimu wa kufundisha waimbaji."

"Haya. Akirudi anifunze na mimi, huenda Badawy akanisikiliza."

Alitania, lakini yeye ndiye aliyekuwa akimletea Dinah asali na tangawizi. Viongozi wa kanisa hawakumletea hata maji.

Dinah alikuwa amemaliza shule ya wasichana huko bara, akarudi na cheti chake kufundisha watoto wadogo shule ya misheni. Mwaka wa 1953 bibi mmoja wa misheni, mpiga kinanda, akamsikia, akasema huyu asipotee hapa. Ndiye aliyemwambia habari za chuo. Kila Alhamisi baada ya shule alimfundisha. Alimlaza sakafuni, akamwekea kitabu kizito tumboni, akamwambia akiinue kwa pumzi bila kukaza shingo. Nilipita siku moja kumpelekea mwanangu mwavuli nikawakuta hivyo, nikadhani ameanguka. Walinicheka wote wawili. Ilikuwa zamani sijamsikia Dinah akicheka namna ile, tangu mama yake alipofariki.

Yule bibi alisema neno moja mbele yangu na mbele ya Padre. Alisema sauti ya Dinah ni ya kwanza, ya juu kabisa, na asiimbishwe sauti ya wanaume. Padre akasema ndiyo, ndiyo. Basi bibi akaugua, akarudishwa kwao mwezi wa pili, na ile ndiyo ndiyo ikaondoka naye.

Kwaya yetu ilikuwa imebaki bila sauti ya tatu, ile ya wanaume wanaoimba juu ya besi. Mulei, mmoja wao, alihamishwa na reli kwenda Makindu. Nzioka na mwenzake waliandikishwa polisi kwa ajili ya hii Hali ya Hatari. Mwalimu Josephat, mkubwa wa kwaya, akawa na besi wengi na wanawake wengi, na katikati shimo. Na Askofu alikuwa anakuja mwezi wa nane. Basi Mwalimu akaja nyumbani kwangu, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Mzee Obadiah, nimekuja kumwazima Dinah. Ana kifua kikubwa. Akae na sauti ya tatu kwa muda."

"Bibi alikataza."

"Bibi yuko Ulaya. Mimi niko hapa na shimo langu. Unataka Askofu akija nimwimbie mwenyewe, sauti mbili kwa mdomo mmoja?"

"Mwambie ukweli, kwamba watu wako wameenda kazini."

"Mzee, Askofu hatoki Mombasa kuja kusikiliza udhuru."

Nilikwenda kwa Padre. Nikamwambia, huyu mtoto anajitayarisha kwa jambo kubwa, mtoe pale. Padre akanijibu kwa upole wake ule, upole wa mtu ambaye hakuna kinachomuuma. Akasema sauti ni zawadi ya Mungu nasi tunamrudishia.

Nikamwambia, "Padre, hata toroli ya reli ni ya serikali, lakini ukiipakia mawe kuliko nguvu yake, ekseli inavunjika, na serikali haikupi nyingine."

Akacheka. Akasema nina maneno. Halafu akasema barua ya kumpendekeza Dinah, ile ambayo lazima iende pamoja na maombi ya chuo, ataiandika baada ya ziara ya Askofu.

Hapo ndipo waliposhika shingo yetu. Nilipomwambia Dinah akatae, alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto, hata hakuinua kichwa.

"Nikikataa, baba, Padre haandiki. Asipoandika, yule mama hasimami Voi."

"Na ukikubali?"

"Nitajitunza."

Atajitunza namna gani? Kila jioni walimkazia. Sauti ya tatu iko chini kwa mwanamke, na ili isikike kati ya besi wale alilazimika kuisukuma kutoka kooni. Mwalimu Josephat alikuwa anampigia kelele, "Dinah, nguvu! Unaimba kama mgonjwa!" Akirudi nyumbani anaongea kama mzee. Asubuhi hasemi mpaka anywe kitu cha moto.

Saadiya akamwambia siku moja, "Jana nimekusikia kutoka dukani. Nikamwambia Badawy, huyu angekuwa mume ungemchukua msikitini akaadhini."

Dinah akacheka kidogo, akashika koo. Halafu akaenda jikoni, akafunga mlango, akaanza kuzijaribu zile sauti za juu za wimbo wa mtihani. Mimi nilikuwa nje natengeneza mpini wa jembe. Nilimsikia anapanda, anasimama, anarudi chini, anaanza tena. Wiki iliyofuata akawa anasimama chini ya pale. Nyingine, chini zaidi. Sikuhitaji darasa kujua hilo.

Askofu akaja Jumapili, tarehe nane. Kwaya iliimba, watu wakalia kwa furaha. Askofu alimpa mkono Mwalimu Josephat, akamsifu kwa kulinda sauti zote nne katika wakati mgumu. Zote nne. Jumatatu Padre akaandika barua yake, ndefu na nzuri. Jumamosi mama wa Mombasa akafika na gari lake, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa chini chini. Dinah aliuimba, na yule mama akatabasamu, akageuka kumtazama Padre kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Wimbo wa pili ndio ule. Ulipomkatikia, mama akamwambia kitu kwa upole, wakaanza tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mama akaondoka kwenye kinanda, akamwekea Dinah vidole kooni, akamwuliza kwa Kiingereza. Dinah akajibu maneno machache. Padre akatazama dirisha.

Baadaye Dinah aliniambia. Aliulizwa, umekuwa ukiimba nini? Naye akasema, sauti ya wanaume, tangu mwezi wa pili.

Nje, yule mama alisimama na Padre penye gari. Dinah alisikia, akanifasiria pale pale, kwa sauti ya kukwaruza. Koo limeumia. Anyamaze mwaka mzima asiimbe hata wimbo wa watoto, na hata hivyo huenda za juu zisirudi. Nafasi ya mwaka huu atapewa mwingine, na mwakani Dinah atakuwa amepita umri. Mama akampa mkono, akaingia kwenye gari, akaenda kwa tembo wake.

Mwalimu Josephat akasema ni woga tu. Msichana hajazoea Wazungu.

Padre akanijia. "Tushukuru kwa yote, Obadiah. Mungu ana mpango wake."

Nikamwambia, "Padre, aliyempanga sauti ya tatu si Mungu. Nilimwona kwa macho, alikaa kwenye kiti changu."

Akanishika bega. Maneno hayo hayo ya kushukuru niliambiwa alipokufa mke wangu Wakesho, miaka mitatu nyuma. Homa ilimshika tukiwa juu milimani, na gari la kumleta hospitali lilikuwa limempeleka bwana mmoja wa serikali kuwinda. Wakubwa hawa, kosa likiwa lao, wanampa Mungu alibebe.

Jioni tulikaa nje. Sikupika, Dinah hakupika. Saadiya alileta wali kwenye sahani iliyofunikwa, akakaa nasi. Akapita Mwalimu Josephat na baiskeli yake, akasimama bila kushuka, mguu mmoja chini.

"Dinah, kesho uje mapema. Kuna ubatizo, na sauti ya tatu haina mtu."

"Mwalimu, huna haya?" Saadiya akamwuliza.

"Haya ya nini, mama? Kwaya haifungwi kwa sababu ya mtu mmoja. Na yeye bado ni mwalimu wa misheni. Padre atamtazamia."

Akakanyaga pedali, akaenda zake. Nikiacha mwanangu aende, koo litakwisha. Nikimzuia, Jumatatu hana kazi, na nyumba yetu sasa inakula kwa chaki yake zaidi kuliko kwa nyundo yangu. Dinah alikuwa amekunja mikono kifuani kama anasikia baridi, ingawa Voi mwezi huo haina baridi ya kumkunja mtu.

"Baba," akasema, na ikabidi niiname nimsikie. "Ya kwanza sina tena, na ya tatu inaniua. Kesho nikisimama pale mbele, niimbe sauti gani?"